Siku Nilipowaogesha Samaki wa Mkwe

Naona haya kulisimulia hili, ila Dirma nzima wanalo na kila mtu analisimulia anavyotaka, bora mlisikie kwangu. Mimi ni bwana mifugo, ng'ombe wananijua, na siku hiyo nilikuwa nimekwenda Maretadu na mshenga wangu kumposa Paulina. Baba yake ni mwalimu mkuu mstaafu, mzee asiyecheka, na sebuleni ana tenki la kioo lenye samaki sita wekundu anaowapenda (wanasema) kuliko mashamba yake.

Shikamoo zikaisha, chai ikaja, mzee akasema samaki wake siku hizi wanajikuna kwenye mawe na kuhema juu juu. Ningenyamaza tu. Mimi nikasema, "Mzee, hao wana minyoo bapa mashavuni, dawa yake ni kuwaogesha maji ya chumvi dakika chache," jambo nililolisoma kwenye simu, tena nusu, kwa sababu bando liliisha.

Beseni likaletwa, chumvi nikapima kwa macho kama ninavyowapimia ng'ombe, samaki wakaingia, nami badala ya kutazama saa nikaanza kuwahadithia wenyeji jinsi nilivyookoa ndama kule Tumati (hadithi ndefu, ina mvua na ina mto).

"Mwanangu, mbona wamelala?" mama yake Paulina akauliza.

"Dawa imeanza kufanya kazi, mama."

"Na yule aliyegeuza tumbo juu?" Aliyeuliza sasa ni mzee.

"Huyo imemwingia zaidi."

Mshenga akakohoa. Paulina akatoka nje. Mama, ambaye hajasomea mifugo popote, akalibeba beseni, akawachota mmoja mmoja kwa mikono na kuwarudisha kwenye tenki, sisi tukasimama kama tuko msibani mpaka mmoja akatikisa mkia, kisha wengine, yule wa tumbo juu wa mwisho kabisa.

Mzee akasema posa ameisikia, jibu atatoa baada ya wiki mbili, samaki wote wakiwa hai. Basi mimi, mtumishi wa serikali mwenye ndevu, kila asubuhi napiga simu: "Shikamoo mzee, samaki wameamkaje?" Nilikonda. Siku ya kumi na nne akanijibu, "Wameacha kujikuna. Njoo na wazee wako."

Tukaoana. Ila nimeapa, nikienda ukweni namwamkia mzee, nakaa kiti cha karibu na mlango, na akiniuliza chochote chenye mapezi namwambia sijui, mzee, muulize mama.