Nilichokiona, Nilichoambiwa

Mke wangu alikuwa Mkakwa wa Koboko, binti wa askari. Mimi ni Mlugbara wa Logiri, huku huku kaskazini-magharibi mwa Uganda. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, kile cha kambini alichokirithi kwa baba yake. Alipoanza kusomea ualimu Arua, alikuwa akinieleza masomo yake jioni, tukimenya mihogo. Alisema kwamba jambo ambalo hawezi kumweleza mtu aliyeishia darasa la saba kama mimi, basi yeye mwenyewe hajalielewa.

Muhula ule walisoma Wagiriki wa kale. Wa kwanza kabisa waliuliza vitu vyote vimetokana na nini. Mmoja akasema maji, mwingine hewa. Nikamwambia huyo wa maji hakuwahi kufika Logiri wakati wa kiangazi. Alicheka hadi kisu kikamponyoka. Baadaye akatokea aliyesema kila kitu kinapita, hakuna kinachobaki. Mwingine akabisha: kilichopo kipo tu, hakikutoka katika kutokuwepo wala hakirudi huko. Hapo nilichoka. Nikamuuliza wamejuaje yote hayo.

"Sasa umefika," akasema. "Hata wao ilifika hapo."

Ndipo akanieleza tofauti ya kudhani na kujua. Mchuuzi wa mtaa wa Oli, pale Arua, anaapa kwamba gunia lililoshonwa lina maharage makavu. Ukilifungua ukayakuta makavu, amesema kweli, lakini hakujua. Ili ajue, lazima aweze kusema kwa nini ni makavu. Nilibisha. Kama maharage ni makavu, mimi nisumbukie nini?

"Kesho atakuuzia gunia lingine," alisema.

Alikufa wakati wa mvua. Mchana alirudi kutoka kwa jirani yetu, mjane, na bakuli la simsim, ule ufuta wa kusaga. Alikula na muhogo. Jioni tumbo likamshika, akaanza kutapika. Hospitalini daktari alisema huenda ni maambukizi ya damu, huenda ni kitu kingine. Alikufa kabla haijajulikana.

Kwetu mwanamke aliyeolewa akifa, ndugu zake huja kabla ya maziko kumuuliza mume kilichomuua. Jibu lisipowaridhisha, wanaweza kumchukua maiti wao. Shemeji zangu walifika asubuhi kutoka Koboko, wakiwa wamekwisha kusikia habari za bakuli. Neno sumu halichelewi njiani. Nilikuwa nimewahi kuona nyumba ya mtu aliyetajwa kwa neno hilo ikichomwa moto.

Tukaketi mkekani. Shemeji mkubwa alikuwa mpole. Aliniuliza kama dada yao alikula chakula cha mjane. Nikasema ndiyo. Akauliza kama aliugua baada ya hapo. Nikasema ndiyo.

"Basi ni yeye alimuua."

Sikuwa na hasira wala machozi. Kichwa kilikuwa kama chumba kilichohamwa. Walitaka nikubali tu, kisha wangemzika pale nyuma ya jiko, karibu nami.

"Bakuli niliona," nikasema. "Kutapika niliona. Sumu sikuona. Sijui nini ilimuua."

"Shemeji, mutu analala na bibi yake, halafu anasema hajui?"

"Sijui."

Mdogo wao akasema kwa sauti ya chini kwamba labda hata mimi nilikuwamo. Mkubwa akamnyamazisha. Wakatoka nje kushauriana, wakarudi kuniambia kwamba hawawezi kumwacha dada yao mahali ambapo hakuna jibu. Walimpakia kwenye pikapu. Nilipanda nyuma pamoja naye, na hakuna aliyenizuia. Alizikwa Koboko baada ya sala ya adhuhuri, kando ya baba yake. Walinipisha nitie udongo.

Kaburi lile naliona mara chache, nikipata nauli. Shemeji mkubwa hunikaribisha chai, na kila mara huuliza kama sasa najua. Namwambia bado.

Watu wa Logiri husema nilimwokoa mjane. Sijui kama nilimwokoa mtu asiye na hatia. Tunasalimiana kisimani, basi. Bakuli lake nililiosha, liko kabatini kwangu. Hajaja kulidai. Kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, nami sijapata cha kutia. Kulia chakula ndani yake, sijawahi.