Mwasho wa Binti Yangu

Miaka ile maduka ya Sumbawanga yalikuwa yameanza kujaa tena. Baada ya kupanga foleni kwa kipande cha sabuni ya mche, sasa tulichagua sabuni za kunukia za kila rangi. Nilimwogesha nazo binti yangu, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule.

Asubuhi moja alitoka chooni analia. "Mama, mkojo unachoma."

Nilipomtazama, sehemu zake za siri zilikuwa nyekundu, na chupi ilikuwa na uteute wa njano. Kwenye zahanati ya karibu na kwetu Kizwite, mganga hakumwangalia hata kidogo. "Ni uchafu tu, mama. Mwoshe vizuri." Akanipa vidonge. Nikawa namwosha asubuhi na jioni kwa sabuni ileile. Akazidi kuwashwa, mpaka mwalimu akamrudisha nyumbani.

Mimi na mume wangu tukampeleka hospitali. Daktari alimwangalia taratibu, mtoto akiwa mapajani mwangu. Maabara haikuwa na dawa za kupimia. Muuguzi alipomtoa mtoto nje, daktari akauliza, "Nyumbani mnaishi na nani?"

Tuliishi na mdogo wangu wa kiume, aliyetoka Mollo kuja kuuza maharage sokoni.

"Sijaona jeraha lolote," daktari alisema, "lakini lazima niulize. Mara nyingi huwa ni sabuni, au minyoo. Acheni sabuni, mwosheni kwa maji matupu, na mpeni dawa ya minyoo. Bila vipimo siwezi kuwathibitishia."

Mume wangu alishika lile swali tu. Nilimuuliza binti yangu kwa upole kama kuna mtu amemgusa, akasema hapana. Mume wangu akasema mtoto huweza kutishwa. Jioni akamwita shemeji yake na kumuuliza waziwazi.

Mdogo wangu alinigeukia mimi. "Dada, na wewe unadhani hivyo?"

Nilimbeba mgongoni tangu akiwa mchanga. Nilitaka kusema hapana, lakini daktari mwenyewe hakuwa na uhakika, na huyu alikuwa binti yangu. Kesho yake mdogo wangu alifunga mzigo, akahamia Matai.

Tulifuata maelekezo ya daktari. Kabla mavuno hayajaisha, mwasho ulikoma.

"Unaona?" mume wangu alisema. "Ameondoka, mtoto amepona."

"Ni sabuni tuliyoacha."

"Umejuaje?"

Sikuwa na cha kumwonyesha. Nikaendelea kupukuchua mahindi.