Fundi Anayekata Kutu Kabla ya Kumwita Mwenye Gari

Saa mbili na nusu asubuhi, mitaa ya nyuma ya mji wa Mkoani, Pemba, Bi Fakhriya Turki amelala chali chini ya kibasi cha kubebea watoto wa skuli. Buibui lake limetundikwa msumarini. Mwilini amevaa kanzu kuukuu ya mumewe, imekatwa mikono ikawa koti la kazi. Mkononi ana patasi, na anagonga sakafu ya gari taratibu, kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa mkaidi.

Ti, ti, ti. Kisha, pwa.

"Umesikia?" anauliza kutoka huko chini. "Pale chuma. Hapa uji."

Anayeulizwa ni mumewe, Ame, mpiga rangi, ambaye amekaa juu ya pipa na kikombe cha chai. "Nimesikia, Mama Kauthar. Lakini leo mwite mwenyewe kwanza, tafadhali."

"Nikimwita atasema pakaa juu tu."

Mashine ya kukatia inaanza kulia. Muda si muda, kipande cha sakafu kikubwa kama sinia kinaanguka pembeni mwa sikio lake. Juu kina rangi nzuri ya maziwa. Chini ya rangi kuna puti, ule unga laini wa mafundi wa kuzibia mashimo, nene kama kipande cha mkate. Na chini ya puti hakuna kitu cha kuitwa bati. Kuna kutu unayoweza kuifikicha kwa vidole kama biskuti.

Hiyo ndiyo tabia iliyompa mama huyu wa miaka arubaini na minne jina, na maadui pia. Anakata kwanza, mwenye gari anaitwa baadaye. Wapo wanaomwita mharibifu. Mmoja alimshitaki kwa sheha, mkuu wa mtaa. Sheha akaja, akainama, akachungulia shimo kwa muda mrefu, halafu akauliza kama naye anaweza kuleta gari yake wiki ijayo.

"Shimo likishakuwa wazi, hakuna wa kulidanganya," anasema. "Nikiliacha limefunikwa, tutaanza kubembelezana. Mimi sijui kubembeleza. Muulize huyo."

"Hajui," Ame anathibitisha.

Kwa yeyote aliyewahi kuezeka nyumba, somo la Bi Fakhriya si geni. Dukani bati huuzwa kwa geji, na kadiri namba inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Mabati ya paa ni ishirini na nane au thelathini. Mlango wa gari, anasema, huwa kwenye ishirini au ishirini na mbili. Yeye sakafuni haweki bati jembamba kuliko geji kumi na nane, na mara nyingi hulikata kutoka kwenye mapipa ya mafuta yaliyokwisha kazi.

"Wenzangu wanakata ubavu wa friji bovu," anasema huku akipanguza macho. "Friji! Lile bati kazi yake ilikuwa kuzuia baridi isitoke. Leo unaliambia libebe watu, juu ya chumvi ya Pemba? Gari za bara zinazeeka, yakhe. Za kwetu zinaliwa."

Ufundi hakuurithi. Alizaliwa kijijini Pujini, katika ukoo uliokuwa na mikarafuu mingi na maneno machache, ambako mtoto wa kike akishika sindano ya kushonea kofia ametosha. Alipoolewa Mkoani, jirani yao Mzee Talib alikuwa fundi wa majiko ya mkaa. Bibi harusi akawa anapeleka chai, akarudi na nyundo.

Kilichomsukuma kwenye magari ni hasira. Magari aliyopiga rangi Ame yalikuwa yanarudi baada ya masika moja, rangi imetoka malengelenge. "Wanamtukana mume wangu, kumbe yeye kapaka poda tu. Uso wenyewe mbovu! Nikasema, uso huo nitautengeneza mimi."

Kazi ya puti huwagharimu wateja kama shilingi elfu thelathini. Sakafu ya Bi Fakhriya inafika laki na nusu. Hesabu hiyo peke yake imemkosesha wateja wengi, na miezi mingine kodi ya banda huwa inatoka kwenye majiko ya mkaa, siyo kwenye magari.

Na hapo ndipo penye shughuli ya leo. Mwenye banda ni Bwana Jaribu. Na kibasi hiki kilichotobolewa ni cha Bwana Jaribu.

Anafika kwa bodaboda, kanzu imenyooka, harufu ya udi inamtangulia. Anainama. Anainuka.

"Bi Fakhriya, umenitobolea gari!"

"Nimekutolea kutu, Bwana Jaribu. Gari ilishatoboka zamani, ilikuwa inakustahi tu."

"Nilisema puti, Ame apulize rangi, basi! Jumatatu skuli zinafunguliwa. Watoto wale atawabeba nani, weye?"

"Na wakidondoka, atawaokota nani?"

"Watoto wa chekechea wana uzito gani? Kuku wale!"

"Haya, panda weye uliyeshiba. Simama hapo nyuma, penye puti iliyobaki."

Bwana Jaribu anaitazama sakafu. Anavitazama viatu vyake. "Nna haraka," anasema, na Ame anapaliwa na chai kwa kucheka.

Kicheko hicho kinaharibu mambo. Bwana Jaribu ananyoosha kidole kuanzia paa la banda hadi kwenye mtungi wa gesi. "Hiki kiwanja changu. Lizibe shimo langu kwa puti, au mwisho wa mwezi uhamishe makorokoro yako."

Ame ameacha kucheka. Wamekuwa kwenye banda hili miaka kumi na moja, na mjini hapa viwanja vya kupigia nyundo havigawiwi kama tende za futari.

"Mama Kauthar," anasema kwa sauti ya chini, "labda tuzibe kwa leo tu."

"Kwa leo tu ndiyo iliyoitoboa gari hii."

Anamgeukia mwenye banda. "Ukubwa huu puti haina pa kushika. Mpigie fundi yeyote, Pemba nzima. Akipatikana wa kuliziba shimo la sinia kwa unga, nahama leo, singoji mwezi."

Bwana Jaribu anatoa simu kweli. Fundi wa kwanza anauliza shimo lina ukubwa gani, kisha anacheka mpaka wote wanamsikia. Wa pili haulizi ukubwa. Anauliza, "Aliyekata ni yule mama wa Mkoani?" Akijibiwa ndiyo, anasema basi imekwisha, hapo panataka bati.

Simu inarudi mfukoni. "Tia bati," anasema Bwana Jaribu, akitazama barabarani. "Lakini neno langu la mwisho wa mwezi liko palepale."

"Na liwe. Miye nitahama. Bati langu litabaki ndani ya gari yako."

Anapoondoka, Bi Fakhriya analiweka bati la pipa juu ya sakafu na kuanza kuchora mpaka wa kukata. Safari hii hatanii mtu. Ndipo anapoeleza jambo ambalo kwa miaka yote hiyo amelikwepa kwa kulipa kodi kwenye banda la watu. Huko Pujini ana fungu lake la mirathi ya baba, kipande kando ya barabara, chenye mikarafuu michache iliyochoka. Kaka yake mkubwa, Muhannad, ndiye anayekisimamia. Alipowahi kumdokezea habari ya kujenga karakana hapo, kaka alisema watu wa ukoo wao hawapondi vyuma.

"Nikaona bora nipange kuliko nigombane na damu yangu," anasema. "Sasa nimefukuzwa nilikopanga. Imebaki damu."

Anafuta vidole, anachukua simu, anabonyeza spika ili wote wasikie.

"Asalaam alaykum, kaka."

"Waalaykum salaam, Fakhriya. Kheri?"

"Kheri. Ijumaa baada ya sala nakuja na Ame kwenye fungu langu. Tunachimba nguzo za banda."

"Tukae kwanza tuzungumze, dada. Jambo kama hili mtu huomba."

"Sikupiga kuomba, kaka. Nimepiga ili Jumamosi ukisikia chuma kinalia usiamke ukadhani ni wezi."