Majike Kumi na Wawili, Wote Hawajambo

Kwa wiki nane mzee Thadeus Makori aliniandikia neno moja tu. Panya namba moja: hajambo. Namba mbili: hajambo. Hivyo hivyo mpaka namba kumi na mbili, kila siku ya Mungu, kwa hati nzuri ya mtu aliyechapwa viboko na walimu wa zamani. Nilipolifungua lile daftari nilitaka kulia, kisha nikataka kumrushia.

Thadeus ndiye mtunza panya wa chuo chetu hapa mjini Kisii. Ana miaka hamsini na tisa, kwao Nyamache, na ni Msabato wa kweli: Jumamosi huwapa wanyama chakula na maji, basi, kazi nyingine hagusi. Panya wake anawajua kwa tabia. Anamjua anayeuma, anayedeka, anayemwibia mwenzake chakula. Shida yake kwangu ni moja: ni mdogo wa baba mkwe wangu.

Utafiti wangu ulihusu mofini, dawa ya maumivu makali. Unampa panya dozi, unamweka juu ya bamba lenye joto kiasi, unahesabu sekunde mpaka alambe mguu, unamtoa. Madume vijana walistahimili vizuri. Madume wazee, dozi ileile iliwasaidia kidogo tu. Lakini majike! Wiki hii jike anatulia, wiki inayofuata ni kama umempa maji. Msimamizi wangu, Dkt. Valentine, akasema, "Ni homoni hizo. Mzunguko wa panya ni siku nne, tano. Panga sekunde zako kwa siku za mzunguko, utaona."

Siku za mzunguko ilikuwa kazi ya Thadeus. Alipewa maelekezo na Dkt. Valentine, akaitikia sawa: kila siku achukue ute wa ukeni mwa jike kwa pamba, aupake kwenye kioo, auangalie kwa hadubini, aandike jike yuko siku gani ya mzunguko. Mimi sikuruhusiwa kuliona daftari mpaka mwisho, kwa sababu anayehesabu sekunde akiijua siku huanza kupendelea bila kujua. Nikavumilia wiki nane. Nikafungua. Hajambo.

Nilikuwa nimebakiza siku kumi na mbili kuwasilisha tasnifu. Bila zile siku, majike wote ni wa kutupa, nami nirudie mwaka mzima.

Nikamfuata kwenye chumba cha panya. Kwetu baba mkwe huitwa baba, tata kwa Ekegusii, na mdogo wake vilevile.

"Tata, hii ni nini?"

Alikuwa akibadilisha maranda kwenye vizimba. Hakunitazama. "Si nimeandika wako sawa?"

"Sikuuliza kama wako sawa! Niliuliza wako siku gani!"

"Mama Ashley, hiyo maneno naweza andika kwa kitabu, halafu wewe usome? Wewe ni bibi ya kijana yetu."

"Basi ungemwambia Dkt. Valentine!"

"Huyo naye ni msichana."

Chinsoni. Kwetu Wagusii, baba mkwe na mke wa mwana hawatajiani mambo ya uzazi, wala hawashikani mikono. Nimekua nayo na ninaiheshimu. Nikimwona Thadeus sokoni Daraja Mbili mimi hupita upande wa pili. Lakini panya, jamani! Panya ana mkwe?

Nikaketi juu ya gunia la chakula cha panya, nikalia kwa hasira, bila kujificha. Nikamwambia mwaka wangu umekwenda, na panya hawa wameteseka bure.

Hilo la panya lilimfikia. Akaacha maranda, akafungua kabati, akatoa makopo manne makubwa ya mafuta ya kupikia. Akayaweka sakafuni, akarudi nyuma hatua mbili. Ndani mlikuwa na vioo vya hadubini vilivyofungwa kwa magazeti, kila kimoja kimepakwa rangi ya buluu na kukaushwa, na pembeni kimeandikwa tarehe na namba ya panya. Wiki nane nzima. Hakuruka siku hata moja, Jumamosi zote zikiwemo.

"Angalia mwenyewe," akasema. "Mimi niko nje."

Akatoka, akafunga mlango. Nilitaka kumkumbatia, na nilitaka kumzaba kofi, na chinsoni hairuhusu lolote kati ya hayo mawili. Nikafuta machozi, nikavuta hadubini, nikaanza na kioo cha Jumamosi ya kwanza.