Hofu Yangu Niliiita Saumu

Msomaji aliyetuandikia haya anakaa upande wa Kisarawe. Jina lake tunalo sisi, na litabaki kwetu.

Salamu, Bwana Mhariri, na salamu kwenu wasomaji wenzangu. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na moja, sijaoa, ni dresa katika zahanati moja huku kwetu. Kazi yangu ni kuosha vidonda na kuwashika mkono wanaoogopa sindano. Nawaambia, "Usiogope, ni kitu kidogo." Wananiamini. Laiti wangejua wanaambiwa na nani!

Jioni hucheza mpira wa meza klabuni, ule wa vibao na kimpira cheupe. Tukicheza wenyewe kwa wenyewe sina shida. Lakini ikitajwa mechi na watu wa nje, mimi si mtu tena. Mikono inatetemeka, chai haipiti kooni, na mara mbili nimetapika nyuma ya klabu nikafukia kwa mchanga kama paka. Kwa mwanamume wa umri wangu, haya ni mambo ya kusema? Wenzangu hupiga vifua na kucheka. Sijapata kumsikia hata mmoja akisema ana hofu, nami sikuthubutu kuwa wa kwanza.

Uongo wangu ulianza Alhamisi moja, maana mechi zetu huwa Alhamisi. Nilikisukuma kikombe cha chai, mkono unatetemeka. Nahodha wetu, karani mmoja mwenye sauti kubwa, akaniuliza, "Umefunga sunna, Bwana Dresa?" Nikasema, "Ndiyo." Neno moja tu. Tangu siku hiyo nikitetemeka ni saumu, nikishindwa ni saumu, na watu wananisifu kwa dini. Habari zilifika mpaka Mzenga anakokaa mama yangu, akalia kwa furaha. Na mimi maji ninakunywa zahanati, mlango nimeutia komeo.

Sasa, katika klabu yuko mwanamke mmoja, mjane, mwalimu wa shule ya wasichana. Nimwite Mwalimu tu. Anatushinda sote, mimi hunishinda huku anazungumza habari nyingine. Tulipokuwa tunajiandaa kwenda Kibaha kushindana na klabu ya shamba la mkonge, Nahodha aliuliza kama wote tuko tayari. Mwalimu akacheka, akanyoosha viganja vyake.

"Niko tayari, lakini tazameni mikono yangu. Nina hofu, sitawaficha."

Nahodha akatikisa kichwa. "Moyo wa mwanamke mwepesi, Mwalimu. Utatuaibisha ugenini. Mtazame Bwana Dresa, ana njaa na bado amesimama."

Akalifuta jina lake, akaandika la mwanamume ambaye hajapata kumshinda Mwalimu hata siku moja. Mikono yangu wakati ule ilikuwa mfukoni, inatetemeka kuliko yake. Nikaiacha humo humo. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Kibaha tulishindwa vibaya. Mimi nilipigwa na mchezaji wao wa mwisho kabisa, na wenyeji wakanionea huruma kwa ajili ya saumu. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda Kibaha na kurudi salama juu ya lori.

Tuliposhuka klabuni jua lilikuwa limekwisha kuzama. Mwalimu alikuwa barazani na majirani zake wawili, mbele yake bakuli limefunikwa kawa. Uji wa pilipili manga, na magimbi ya nazi.

"Nilijua utafika na njaa, Bwana Dresa," akasema. "Futuru kwanza, ya mechi baadaye."

Nikapiga bismillahi, nikala. Chakula kilikuwa kitamu kuliko nilivyostahili. Nilipomaliza akaniuliza kwa sauti ndogo, "Niambie kweli, ndugu yangu. Ni saumu ndiyo inayokupa moyo wa kusimama pale? Maana naona ni mimi peke yangu duniani ninayeogopa hivi."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema kweli. Badala yake nikajibu, "Jaribu, Mwalimu."

Amejaribu. Hii ni wiki ya sita anafunga Jumatatu na Alhamisi, saumu ya kweli kweli, anafundisha kutwa nzima kisha anakuja klabuni kucheza na koo kavu. Amekonda. Alhamisi iliyopita aliishika meza asianguke, na mikono bado inamtetemeka. Akaniambia, "Labda nia yangu haijawa safi kama yako." Watu wa Kibaha wanakuja kwetu mwezi ujao, na Nahodha amesema atampa nafasi moja ya mwisho. Akionekana anatetemeka, asahau mambo ya mechi.

Nikitoa siri yangu nitaitwa mnafiki, tena katika dini, na mama yangu atasikia. Nani atanipa mkono wake tena pale zahanati? Nikinyamaza, mwanamke wa watu atajiumiza kwa njaa akitafuta dawa ambayo mimi mwenyewe sijapata kuionja. Usiku nalala chumbani peke yangu nikiwaza kwamba yuko mtu mmoja tu anayeijua hofu kama yangu ilivyo, na ndiye niliyemdanganya.

Ndugu wasomaji, nipeni shauri, na hasa ninyi wanaume. Kama yuko kati yenu anayetetemeka, naye aandike, hata bila jina, nijue tuko wawili. Kila Alhamisi magharibi Mwalimu anatutengea futari barazani, mabakuli mawili, na langu hulijaza zaidi kuliko lake. Niambieni, nifanyeje?