Fundi vioo anayejifunza kuzima taa

Saa mbili na nusu asubuhi, fundi vioo ameinama juu ya meza iliyotandikwa zulia kuukuu, anakata kioo cha milimita nne. Mlango uko wazi. Mwanamke asiyemjua anaingia, mkononi ana picha ya harusi ambayo kioo chake kimevunjika. Hasemi kilichomleta. Anapita moja kwa moja hadi dirishani, anachuchumaa mbele ya sanduku la kioo lililowekwa pale, na kulitazama kwa muda wa kutosha kukata vipande viwili.

"Fundi," anauliza bila kugeuka, "huyu kinyonga ana siku ngapi na rangi hii?"

"Ndiyo rangi yake," fundi anajibu.

"Hapana, kaka. Huyu amekereka. Na mguu wake wa mbele umeanza kupinda."

Hiyo ilikuwa miezi mitano iliyopita. Mama huyo, ambaye kabla ya kustaafu alihudumia wanyama watambaao katika bustani ya wanyama kwa miaka kumi na minane, alikuwa amekuja kutiliwa kioo kwenye fremu tu. Aliondoka baada ya saa mbili, na fremu yenyewe akaisahau mezani.

Fundi ana umri wa miaka hamsini na minane, na thelathini na moja kati ya hiyo ameimalizia kwenye vioo. Wateja humwita Mzee Milimita, kwa sababu ukimwambia dirisha lako lina upana wa "kama mita moja hivi," atakurudisha nyumbani ukapime upya. Siku nzuri hukata vioo vya madirisha sita. Siku mbaya hukata kimoja cha kujitazamia, kisha hukaa mlangoni kuangalia wapita njia.

Mkewe alifariki zamani. Ana mtoto mmoja, binti, ambaye huu ni mwaka wa pili yuko nchi ya mbali akimwuguza kikongwe asiyeweza kuinuka kitandani.

Kinyonga ni wa binti. Alipewa na familia moja iliyokuwa ikihama, akiwa mdogo kama kidole cha mwisho. Alizaliwa kizimbani na wazazi wake walizaliwa kizimbani, hivyo kumwachia vichakani kungekuwa kumtupa. Binti alimpa jina la Bwana Taratibu. Usiku wa kuamkia safari hakumuaga mtu yeyote kwa muda mrefu kama alivyomuaga yeye.

"Aliniuliza swali moja tu," anasema fundi. "Baba, nitamkuta? Nikamwambia utamkuta. Sasa mimi nilijua nini kuhusu vinyonga? Nilijua vioo."

Basi akatumia alichokijua. Alimjengea sanduku la kioo cha milimita tano, kingo zote zimesuguliwa hadi ukipitisha kidole husikii kitu. Akaliweka kwenye dirisha la mashariki ili mnyama apate jua la asubuhi. Ndani akaning'iniza balbu moja ya kutunzia vifaranga, ikawaka mchana na usiku. Watu walikuwa wakiingia dukani kuulizia bei ya sanduku hilo, ingawa wawili watatu wanaoogopa vinyonga huagiza vioo vyao wakiwa nje, wakipiga kelele kama wanaita mtu ng'ambo ya barabara.

Kwa hiyo yule mama alipomwambia kwamba sanduku ndilo linalomwumiza mnyama, fundi alipandwa na hasira. Anakiri hivyo mwenyewe.

"Mtu ananiambia mimi kioo kinazuia jua! Miaka thelathini na moja nawauzia watu mwanga. Nilidhani ana lake jambo."

Mama hakubishana. Alimweleza kwamba kioo hupitisha mwanga na joto, lakini huzuia ile miale ya jua isiyoonekana ambayo kinyonga anaihitaji ili mifupa yake iwe migumu. Bila miale hiyo, hata ale wadudu wa kila aina, mifupa hulegea. Tena kuta za kioo zinamwonyesha sura yake mwenyewe kila anapogeuka, naye hudhani ni kinyonga mwingine aliyekuja kumnyang'anya tawi.

"Akaniambia, anaona jua lakini halimfikii," fundi anakumbuka. "Nilikwenda nalo nyumbani hilo neno. Sikula."

Kesho yake alimpigia simu mama kumwambia fremu yake iko tayari. Alipofika, fundi hakutaja fremu. Alimpa kipande cha boksi na penseli, akamwomba amchoree.

Mchoro huo bado umebandikwa ukutani. Kizimba kiwe cha wavu, hewa ipite. Juu yake, kwa nje, ziwe taa mbili: moja ya joto, nyingine ya miale. Ya joto inaweza kuwa balbu ya kawaida, mradi tawi la juu lifike nyuzi ishirini na tisa na matawi ya chini yabaki na ubaridi, ili kinyonga achague mwenyewe anapopataka. Isikaribie tawi kwa chini ya shubiri moja, kwa maana kinyonga hajui kukimbia kinachomwunguza kutoka juu. Anaweza kukaa pale pale, ameridhika, huku ngozi inaungua.

Balbu ilipatikana siku hiyo hiyo. Taa ya miale ilimtesa.

Duka la kwanza la vifaa vya umeme lilimpa taa ya buluu ya kunasia mbu. La pili likampa ile ya zambarau ya kukagulia noti bandia, na muuzaji akamwapia kwamba hata daktari angeikubali. Mama alizitazama zote mbili, akamwambia kwa upole kwamba ya kwanza itakamata wadudu na ya pili itakamata wezi, ila kinyonga ataendelea kupinda. Hatimaye mama mwenyewe aliiagiza kwa watu aliowahi kufanya nao kazi. Ilikula mapato ya siku tisa ya fundi, na inapaswa kubadilishwa kila baada ya miezi sita hata kama bado inawaka, kwa sababu miale huisha kabla ya mwanga.

Wakati wakiisubiri, fundi alikuwa akifungua duka saa moja nyuma ya wenzake. Alikaa uani na kinyonga begani, juani, kofia kichwani. Seremala jirani, ndiye aliyetengeneza fremu ya mbao ya kizimba kipya, alitangazia mtaa mzima kwamba Mzee Milimita amehama kambi ya vioo na sasa anaabudu wavu.

Sanduku la kioo alilikata vipande mwenyewe, akavitumia kwenye madirisha ya choo cha mteja. Anasema hilo halikumuuma sana.

Lililomuuma lilikuwa jambo la mwisho kwenye mchoro. Saa kumi na mbili za mwanga, saa kumi na mbili za giza, na gizani isiwepo taa ya aina yoyote, hata nyekundu, hata kidogo. Kinyonga halali penye mwanga, na asipolala haponi.

Binti hupata nafasi ya kupiga simu ya video mara moja kwa wiki, Ijumaa, kikongwe wake akishalala. Huku kwa baba huwa ni saa mbili usiku, naye hubaki dukani kuingoja. Ile balbu ya vifaranga haikuwaka usiku kucha kwa sababu ya joto tu. Iliwaka ili binti akipiga amkute Bwana Taratibu macho wazi, jicho moja kwenye simu, jingine kwenye panzi.

Fundi alimweleza yote. Binti alilia, kisha akataka baba amwahidi kwamba hatamwamsha tena kwa ajili yake. Baba akaahidi.

Sasa rangi ya kinyonga imerudi kuwa kijani cha jani changa. Mguu hautanyooka tena, lakini anapanda vizuri. Ana miaka mitatu, na mama amemwambia fundi kwamba wa aina yake akitunzwa vyema anaweza kufikisha mitano, pengine sita au saba. Fundi ameandika ukutani kwa penseli tarehe za kubadilisha taa, moja chini ya nyingine. Anachokitaka ni kimoja: siku binti atakapoingia mlangoni, amkute Bwana Taratibu kwenye tawi la juu, na asiwe na haja ya kuuliza kitu.

Alidhani tarehe mbili zingetosha hadi binti arudi. Ijumaa iliyopita aliongeza nyingine nne.

Binti alipiga saa mbili kama kawaida. Walizungumza habari za kifua cha baba na za baridi ya kule. Kisha akasema mwajiri amemwomba aongeze miaka miwili, na amekubali. Baba akasema ni vizuri.

"Baba, niwashie nimwone. Leo tu."

Fundi anasema kidole chake kilikuwa tayari kwenye swichi.

"Amelala, mwanangu."

"Najua. Dakika moja."

"Kesho asubuhi nitakupigia picha, utaikuta ukiamka."

"Picha siyo yeye, baba."

Hakuwasha. Alivuta kigoda hadi kwenye wavu, akaketi gizani na simu mkononi, akaanza kumweleza. Yuko tawi la juu, upande wa ukuta. Mkia ameukunja kama msokoto wa waya. Ule mguu ameuficha chini ya tumbo.

"Unamwonaje na hapo ni giza?"

"Simwoni. Nilimwacha hivyo saa kumi na mbili na nusu, na huyu si mtu wa kuhamahama."

Binti alicheka huku analia. Simu ilidumu dakika arobaini. Upande wake, kioo cha simu kilibaki cheusi mpaka mwisho, naye hakukata.