Kelele za Alasiri

Mwenye nyumba wetu pale mtaa wa Malaz, ughaibuni, aliishi chini, sisi juu. Alikuwa mjane, mtu mzima, nasi tulimwita khala, kama wenyeji wanavyomwita mama wa rika lake. Kila siku baada ya adhuhuri alilala, na ndiyo saa wanangu wawili waliporudi kutoka shule na kuanza kukimbizana juu ya kichwa chake.

Siku moja alipanda ngazi, mkono kiunoni. "Nyumba ni yangu, na usingizi ni wangu," alisema. "Mkataba ukiisha, halas, mtafute kwingine."

Nilichemka. Nje jua linaunguza, ndani wasicheze. Basi niwatundike ukutani? Mume wangu, dereva asiyependa ugomvi, alinituliza. "Huyo mama ana haki yake. Wewe ukitoka zamu ya usiku hospitali, nani hupiga chafya humu ndani?" Nilimnunia kwa sababu alisema kweli.

Kilichoniuma ni binti yangu. Tulipokuwa Jeddah mwenye nyumba aliitaka nyumba yake, tukahama katikati ya muhula. Tangu hapo mtoto hakutoa nguo zake kwenye sanduku. "Si tutahama tu, mum," aliniambia, wala hakulia.

Nilishuka kwa khala na chupa ya chai ya maziwa, nikamweleza habari za sanduku. Alinionyesha ua wake wenye kivuli. Tukakubaliana: tangu adhuhuri watoto wanyamaze, wasome au walale, alasiri ikiadhiniwa, ua ni wao. Wanangu, watoto wa Sunday school, wakawa wanaingoja adhana kwa hamu. Ikianza tu, hao, ngazini na mpira.

Mkataba ukiwa karibu kwisha, wote wawili walishikwa na homa. Alasiri ikapita kimya. Jua likielekea kuzama mlango uligongwa. Alikuwa khala, mtandio umekaa upande, macho yamevimba kwa usingizi.

"Watoto wako wapi? Swala imekaribia kunipita. Siku hizi wao ndio huniamsha."

Aliwagusa paji la uso mmoja mmoja, akashuka, akarudi na sufuria ya supu. Alipokuwa akiondoka alisema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba tuandike mkataba mwingine.

Binti yangu alikuwa amejikunyata chini ya blanketi, nami nilidhani amelala.

"Mum," aliita, "tuna hanga za nguo?"